Mlango wa Moyo: Nyayo za Wazee Waliokataliwa Kisu

Majira ya baridi ya mwaka 1507 kuingia 1508, katika hospitali ya Santa Maria Nuova mjini Firenze, mzee mmoja alikuwa amekaa kitandani akizungumza na mgeni. Alimwambia kwamba ameshapita miaka mia, na kwamba hakuna mahali panapomuuma, ila mwili umemwisha nguvu. Saa chache baadaye, bila kuhangaika wala kupiga kelele, akakata roho. Mgeni huyo alikuwa Leonardo da Vinci. Aliomba maiti ile, akaipasua, ili ajue ni nini kinachoweza kumchukua mtu kwa upole namna ile.

Alichokikuta ni mishipa ya damu iliyokuwa minene, imejikunja na imeziba. Karibu na wakati huo huo aliupasua mwili wa mtoto wa miaka miwili, akaona kila kitu kinyume chake: mishipa laini, myepesi, wazi. Akaandika kwamba mzee yule amekufa kwa sababu damu ilishindwa kuulisha moyo. Kwa hesabu yangu, hapo ndipo mtu wa kwanza alipokataa jibu la “ni uzee tu” na kuanza kuutafuta uzee wenyewe umekaa wapi ndani ya mwili.

Nilianza kuifuata njia hii Santa Maria Nuova, kwa kuwa hospitali ile bado ipo. Ilianzishwa mwaka 1288, na mpaka leo magari ya wagonjwa yanaingia chini ya matao yake, hatua chache tu kutoka kanisa kuu ambako watalii wamepanga foleni. Hakuna kinachomwonyesha mpita njia kitanda cha yule mzee kilikuwa wapi. Michoro ndiyo iliyobaki, nayo imehifadhiwa Windsor, Uingereza. Mwaka 1513 hivi Leonardo aliurudia moyo kwa nguvu mpya, safari hii akitumia mioyo ya ng'ombe. Alibuni mfano wa kioo wa mzizi wa aota, yaani mshipa mkuu unaotoka moyoni, akapitisha humo maji yenye mbegu za nyasi ili aone mkondo unavyokwenda. Aliona maji yakijizungusha nyuma ya vipande vya mlango wa moyo, akasema mzunguko huo ndio unaoufunga mlango, damu isirudi nyuma. Ilibidi zipite karne nne na nusu kabla wataalamu wa Oxford, katika miaka ya 1960, hawajapima jambo lile lile kwenye maabara na kukuta alisema kweli.

Mlango wenyewe, au valvu kama wanavyoiita madaktari wetu, ni kitu chepesi mno kwa kazi inayofanya. Ni vipande vitatu vya ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, kila kimoja kina umbo la mwezi mchanga, vimeshikana pembeni. Moyo unapobana, vinafunguka kuelekea kwenye aota. Unapolegea, vinakutana katikati na kuziba. Kazi hiyo inafanyika kama mara laki moja kwa siku. Kwa mtu mzima mwenye afya, nafasi inayofunguka ni sentimita za mraba tatu hadi nne. Kwa baadhi ya watu, umri ukisonga, chokaa ya mwili hujipachika kwenye vipande vile, vikawa vigumu kama ganda la chaza, na nafasi ikapungua mpaka chini ya sentimita moja ya mraba. Ikifika hapo, moyo unasukuma damu kupitia kitundu.

Mgonjwa hajui kwa miaka. Moyo unajenga misuli, unavumilia. Kisha siku moja anapanda ngazi na kuishiwa pumzi, au kifua kinabana, au anaanguka chini amezimia. Mwaka 1968 Wamarekani wawili, John Ross na Eugene Braunwald, walikusanya takwimu za wagonjwa ambao hawakutibiwa, wakakuta kwamba baada ya maumivu ya kifua kuanza mtu huishi kwa wastani miaka mitano, baada ya kuzimia miaka mitatu, na baada ya moyo kushindwa kazi miaka miwili. Hakuna kidonge kinachoiondoa chokaa ile. Hakikuwepo wakati huo, na mpaka leo hakipo. Mlango ukishaganda, dawa yake ni mlango mwingine.

Lakini historia ya kuigusa milango ya moyo haikuanza na wazee. Ilianza na watoto na vijana wa mitaa ya maskini, kwa ugonjwa tunaoujua vizuri sana huku kwetu: homa ya baridi yabisi, inayoanza na koo kuuma na kuishia kuikunja milango ya moyo kwa makovu.

Whitechapel, mashariki mwa London, jengo la zamani la hospitali kuu bado linatazama barabara ya soko. Mbele yake wachuuzi, wengi wao wenye asili ya Bangladesh, wanauza bamia na samaki wakavu. Nyuma yake yamesimama majengo mapya ya hospitali, ya vioo vya buluu. Lile la zamani tangu mwaka 2023 ni ofisi za halmashauri ya Tower Hamlets, watu wanaingia kuuliza kodi ya nyumba na vibali vya kuegesha magari. Humo ndimo, tarehe 6 Mei 1925, daktari Henry Souttar alipofungua kifua cha binti mmoja, akatoboa chemba ya juu ya moyo uliokuwa unaendelea kupiga, akaingiza kidole chake cha shahada na kuupapasa mlango uliokuwa umekunjamana. Alikuwa amejiandaa kuukata kwa kisu, lakini alipohisi hali yake aliona kidole kinatosha kuupanua. Binti alipona, akatoka hospitali, akaishi miaka kadhaa.

Mtu angedhani wagonjwa walijipanga mlangoni kwa Souttar. Hakupata hata mmoja mwingine. Waganga wakubwa wa moyo wa Uingereza walikuwa wameshikilia kwamba tatizo la wagonjwa hawa liko kwenye msuli wa moyo, kwa hiyo kuupanua mlango ni kazi bure, na bila barua ya mganga wa moyo mpasuaji hapati mtu wa kumpasua. Njia ile ikaota majani kwa zaidi ya miaka 20, mpaka mwaka 1948 Charles Bailey alipoifungua tena Philadelphia, baada ya kuwapoteza wagonjwa wake wa mwanzo. Jambo hili litajirudia mara nyingi huko mbele: mkono uko tayari, lakini yupo mwingine mwenye mamlaka ya kusema huyu apite na huyu arudi nyumbani.

Kidole kilitosha kwa mlango uliokunjamana, si kwa mlango wa mawe. Ili kuutoa kabisa na kuweka mwingine, lazima moyo usimame. Tarehe 6 Mei 1953, miaka 28 kamili tangu siku ya Souttar, John Gibbon alifanya Philadelphia upasuaji uliofaulu kwa kutumia mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu kwa muda. Sasa nafasi ya kufanya kazi ilikuwepo. Kilichokosekana ni kitu cha kuweka.

Hapo anaingia mhandisi mstaafu. Mwaka 1958, huko Portland, jimbo la Oregon, Lowell Edwards aliyekuwa na miaka 60 alimwendea daktari kijana, Albert Starr, mwenye miaka 32. Edwards alikuwa ametajirika kwa pampu ya mafuta ya ndege wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na yeye mwenyewe aliugua homa ya baridi yabisi utotoni. Alitaka watengeneze moyo mzima wa bandia. Starr akamrudisha chini taratibu: tuanze na mlango mmoja. Walichokuja nacho ni kichanja kidogo cha chuma chenye gololi ya plastiki laini ndani yake. Damu ikija inaisukuma gololi juu na kupita pembeni, ikitaka kurudi inaikalisha gololi kwenye pete. Hakifanani hata kidogo na kile alichokichora Leonardo. Mgonjwa wa kwanza, Agosti 1960, alifariki saa chache baada ya upasuaji. Wa pili, mwanamume wa miaka 52 aliyepasuliwa Septemba mwaka huo huo, aliishi miaka kumi, akafa kwa kuanguka kutoka kwenye ngazi akipaka rangi nyumba yake. Sijui kama kuna daktari anayeweza kuombea matokeo mazuri kuliko hayo: mgonjwa wa moyo aliyekufa kwa kupanda juu.

Gololi na ndugu zake waliokuja baadaye, wale wa kisahani na wa vibao viwili, walikuwa na kasoro moja isiyoepukika. Damu ikigusa chuma huganda. Kwa hiyo mwenye valvu ya chuma hula dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na dawa yenyewe, wafarini, ina ukoo wa ajabu. Ilitokana na ng'ombe wa Marekani na Kanada waliokuwa wakivuja damu mpaka kufa kwa kula majani yaliyooza. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin aliendesha gari kwenye theluji na ndoo ya damu isiyoganda akaifikisha maabara ya Karl Link, na kutoka hapo ikaja kwanza sumu ya panya, mwaka 1948, kisha dawa ya binadamu. Kwa kijana mwenye kliniki karibu, wafarini inawezekana. Kwa bibi wa miaka 80 anayejikwaa usiku akielekea msalani, kuanguka kumoja kunatosha kumwaga damu kichwani.

Ndiyo maana Alain Carpentier wa Paris aligeukia wanyama. Mwishoni mwa miaka ya 1960 aliichukua valvu ya nguruwe, akailoweka kwenye glutaraldehaidi, kemikali inayoikaza na kuizima ngozi ili mwili usipigane nayo, akaishona kwenye fremu. Baadaye wengine walitumia ngozi inayouzunguka moyo wa ng'ombe. Valvu hizi hazihitaji wafarini ya maisha. Zinachakaa, miaka kumi, 15, wakati mwingine 20, na kwa vijana zinachakaa haraka zaidi. Kwa mzee hesabu hiyo inaeleweka: valvu yenye miaka 15 kwa mtu wa miaka 75 ni mali ya kutosha. Niliwahi kuulizwa na rafiki Mwislamu kuhusu nguruwe, na jibu la wanazuoni wengi ni kwamba dharura ina hukumu yake. Siku hizi wengi hawahitaji hata kufika huko, maana ya ng'ombe ipo.

Basi kufikia miaka ya 1980 kila kitu kilikuwa kimepatikana, isipokuwa kwa wale ambao ugonjwa huu ni wao hasa. Kubadilisha valvu kulimaanisha kupasua mfupa wa kidari kwa msumeno kutoka shingoni hadi tumboni, kuusimamisha moyo, kuiacha damu ipite kwenye mashine, kisha kufunga kidari kwa waya na kusubiri mfupa uunge kwa wiki kadhaa. Kwa mtu wa miaka 60 mwenye figo nzuri, ni upasuaji mzuri sana. Akiwa na miaka 82, mapafu mabovu na kiharusi cha zamani, madaktari walitazamana, wakafunga faili. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Ulaya na kuchapishwa mwaka 2005 uliwafuata wagonjwa 216 wenye umri wa miaka 75 na kuendelea, wote wenye mlango uliobana sana na dalili za wazi. Theluthi yao hawakupelekwa kwenye upasuaji. Sababu kubwa mbili zilikuwa umri na udhaifu wa moyo. Na hiyo ni Ulaya, kwa watu wenye bima.

Nyayo za wazee hao waliokataliwa zinapita Rouen, Ufaransa. Treni ya kwenda huko inaondoka Paris kituo cha Saint-Lazare, inaufuata mto Seine kwa saa moja na nusu hivi. Mji wenyewe unajulikana kwa moto wa 1431, walipomchoma Jeanne d'Arc sokoni. Mimi nilikwenda kwanza kwenye nyumba ya mpasuaji. Baba yake Gustave Flaubert alikuwa mpasuaji mkuu wa hospitali ya Hôtel-Dieu, mwandishi akazaliwa humo mwaka 1821, na leo nyumba ni makumbusho ya vitu viwili visivyozoea kukaa pamoja, fasihi na udaktari. Kuna kitanda cha hospitali cha wagonjwa sita. Kina upana wa chumba cha kupanga cha Manzese, Dar es Salaam, na ukikitazama unaelewa kwa nini watu wa zamani waliiogopa hospitali kuliko ugonjwa. Kuna pia mwanasesere wa nguo aliyetengenezwa karne ya 18 kwa kufundishia wakunga, mwenye nyonga za kushonwa na mtoto wa kutoa na kurudisha. Ninavyoona, si ajabu kwamba mtoto aliyekulia humo ndiye aliyeandika, katika riwaya ya Madame Bovary, upasuaji wa mguu unaofanywa kwa tamaa ya sifa na kumwacha mgonjwa bila mguu.

Upande mwingine wa mji iko hospitali ya Charles-Nicolle, yenye jina la mwana wa Rouen aliyegundua kwamba homa ya taifasi hubebwa na chawa. Hapo alifanya kazi Alain Cribier. Septemba 1985 aliletewa mama wa miaka 72 ambaye valvu yake ilikuwa karibu kuziba na wapasuaji wamemkataa kwa umri. Miaka 72! Cribier alipitisha katheta, mrija mwembamba, kwenye mshipa wa kinenani mpaka kwenye moyo, akalipuliza puto katikati ya ule mlango wa chokaa. Vipande vikapasuka kidogo, damu ikapita, mama akapata nafuu. Habari zikaenea dunia nzima, maelfu wakafanyiwa. Kisha ukweli ukajitokeza: kwa wengi, ndani ya mwaka mmoja mlango hubana tena kama mwanzo. Madaktari wengi wakaachana na puto. Cribier akabaki na swali la jinsi ya kuuzuia mlango usijifunge tena.

Wakati yeye anawaza, Mdenmark mmoja alikuwa na jibu nusu. Henning Rud Andersen, daktari kijana wa Aarhus, alikuwa Arizona mwanzoni mwa 1989 akisikiliza mhadhara kuhusu stenti, vile vibomba vya wavu wa chuma vinavyoshikilia mishipa ya moyo isizibe. Akajiuliza, kwa nini kisiwekwe kikubwa zaidi, chenye valvu ndani? Alirudi nyumbani, akanunua mioyo ya nguruwe kwa mchinjaji, akapinda waya kwa mkono, akashona valvu kwenye kile kichanja, na tarehe 1 Mei 1989 akaiingiza ndani ya nguruwe mzima bila kumpasua kifua. Ikafanya kazi. Majarida yakaikataa makala yake mara kadhaa, na mpaka mwaka 1992 ndipo ikachapishwa. Kampuni hazikuvutiwa.

Cribier alipita mlango wa nyuma, chumba cha maiti. Mwaka 1994 yeye na wenzake, akiwemo Hélène Eltchaninoff, walichukua mioyo ya watu waliokufa kwa ugonjwa huu, wakafungulia stenti ya milimita 23 ndani ya kila valvu. Walitaka kujua mambo mawili: je, itashika? Na je, haitaziba midomo ya mishipa inayoulisha moyo wenyewe, ambayo inaanzia sentimita moja tu juu ya mlango? Ilishika kiasi kwamba kuitoa kulihitaji nguvu. Kipimo kilipatikana, fremu fupi ya milimita 14 hadi 16, inayokaa pale pale bila kugusa kingine. Ni mara chache chokaa iliyoua watu imekuwa na faida, na hapa ndiyo inayoibana fremu isiteleze. Hata hivyo wataalamu wa kampuni kubwa waliosikia wazo lile waliliona la kijinga. Mwaka 1999 Cribier na Wamarekani watatu wakaanzisha kampuni yao ndogo, wahandisi wa Israeli wakaitengeneza, wakaijaribu kwa kondoo.

Tarehe 16 Aprili 2002 aliletwa mtu aliyekuwa anakufa. La kushangaza, hakuwa mzee: miaka 57. Moyo wake ulikuwa unasukuma kidogo sana, presha imeanguka, wapasuaji wa hospitali zaidi ya moja walishasema hapana. Zaidi ya hayo, mishipa ya miguu yake ilikuwa imeziba, hivyo njia iliyozoeleka ya kupandia kupitia ateri ilikuwa imefungwa. Timu ikachagua njia ya mzunguko ambayo haikuwahi kujaribiwa kwa kazi hii. Waliingia kwenye vena ya kinenani, wakapanda mpaka chemba ya kulia ya moyo, wakatoboa ukuta unaotenganisha chemba za juu, wakashuka kupitia mlango wa kushoto, wakageuka ndani ya moyo na kuutokea mlango wa aota kwa chini. Valvu ya ngozi, imebanwa juu ya puto, ikapitishwa njia hiyo yote. Puto likapulizwa, likanywea. Mlango mpya ukaanza kufunguka na kufunga. Mgonjwa akarudiwa na rangi yake, presha ikapanda pale pale mezani. Aliishi miezi minne, akafariki kwa matatizo ya mguu wake, valvu ikiwa nzima.

Kwa mtazamaji wa takwimu, mgonjwa wa kwanza aliyekufa baada ya miezi minne ni kushindwa. Ndivyo wengi walivyosema. Lakini kulikuwa na foleni ya wazee waliokwisha kukataliwa, wasio na cha kupoteza, na hao ndio waliobeba kazi hii. Mwaka 2004 kampuni ile ndogo ilinunuliwa na Edwards, kampuni iliyobeba jina la yule mhandisi wa Portland. Njia ya kichanja cha gololi na njia ya puto zikakutana mlango mmoja.

Matokeo ya kwanza ya kuaminika yalitoka mwaka 2010, kwenye utafiti wa PARTNER. Wagonjwa 358, wastani wa miaka 83, wote wakiwa wameonekana hawafai kupasuliwa, waligawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya mwaka mmoja, kati ya waliopewa matibabu ya kawaida asilimia 50.7 walikuwa wamekufa. Kati ya waliowekewa valvu kwa katheta, tiba inayoitwa TAVI, asilimia 30.7. Kwa kila wagonjwa watano waliotibiwa, mmoja alikuwa hai ambaye vinginevyo angekuwa amezikwa. Ni nadra tiba ya moyo kutoa tofauti kubwa hivyo. Lakini soma pia ripoti ya miaka mitano, ambayo haitajwi sana kwenye matangazo: asilimia 93.6 upande mmoja na 71.8 upande wa pili walikuwa wamefariki. Valvu inafungua mlango, haiwezi kuyarudisha mapafu wala figo.

Hapo ndipo madaktari walipojifunza kumpima mzee kwa kumtazama akitembea. Wanaweka alama mbili kwenye korido, mita tano, wanamwambia atembee mwendo wake wa kawaida. Akitumia sekunde sita au zaidi, wanajua mwili wake hauna akiba. Wanampima uwezo wa kubana mkono, wanamuuliza anavaa mwenyewe? Anaoga mwenyewe? Kipimo cha saa ya mkononi kinaeleza mengi ambayo tarehe ya kuzaliwa haielezi. Kuna wa miaka 88 anayestahili, na wa miaka 74 ambaye kumpeleka mezani ni kumsumbua.

Baada ya hapo tiba ikateremka umri. Mwaka 2019 tafiti mbili, moja yenye wagonjwa 1,000 wa wastani wa miaka 73 na afya nzuri, zilionyesha TAVI haipitwi na kisu, na katika hiyo ya wagonjwa 1,000, kwa mwaka wa kwanza, jumla ya vifo, viharusi na kurudishwa hospitali ilikuwa ndogo zaidi. Mwaka huo huo Mick Jagger, akiwa na miaka 75, alifanyiwa New York, na baada ya miezi michache akarudi jukwaani anaruka. Mwongozo wa Marekani wa 2020 unasema chini ya miaka 65 kisu, juu ya 80 katheta, na kati ya hapo mgonjwa na daktari wakae waongee. Ulaya, mwaka uliofuata, iliweka mstari kwenye miaka 75 kwa wakati huo.

Siku hizi kwa wengi kazi yenyewe haifiki saa mbili. Mgonjwa anapewa ganzi ya kinena na dawa ya kumtuliza, mara nyingi bila nusu kaputi. Wakati wa kupuliza puto moyo unaharakishwa kwa makusudi mpaka mapigo kama 200 kwa dakika, unatetemeka bila kusukuma damu ya maana, ili valvu isisukumwe nje. Sekunde chache za presha iliyoporomoka, kila mtu chumbani anatazama skrini moja. Kesho yake mzee anatembea wodini. Lakini faida hiyo ina bei zake. Fremu inaweza kubana nyaya za umeme wa moyo, na baadhi ya wagonjwa hutoka na betri ya moyo begani. Damu inaweza kuvuja pembeni ya valvu. Na kwa mtu wa miaka 70 kuna swali la valvu ya pili: ya kwanza ikichakaa akiwa na 83, ya pili itaingizwa ndani ya ya kwanza, nafasi itapungua, na midomo ya mishipa ya moyo inaweza kuzibwa. Ndiyo maana daktari mzuri hupanga valvu ya pili kabla ya kuweka ya kwanza, na ndiyo maana mtu wa miaka 65 mwenye afya, au mwenye mishipa inayohitaji kuunganishwa pia, bado anaambiwa kwa haki: wewe nenda kwa kisu.

Huku kwetu njia zote mbili zinapita kwa wakati mmoja. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2015, na ile ya Moyo ya Uganda kule Mulago, bado zinapokea vijana wenye milango iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa uleule wa Whitechapel ya Souttar. Kwa binti wa miaka 20 anayetaka kuzaa, valvu ya chuma na wafarini ni mtihani mwingine kabisa, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Hao ndio wanaojaza wodi, na ni haki wapewe nafasi ya kwanza.

Lakini wazee nao wameongezeka. Wale waliovuka miaka 75 wakiwa na akili timamu na shamba la kulima si wachache kama walivyokuwa wakati wa uhuru. Tatizo lao ni bei: Marekani valvu ya TAVI peke yake imekuwa ikiuzwa zaidi ya dola 30,000, kabla ya chumba, daktari wala kitanda. Njia ya wenye uwezo ni ileile ya zamani, India, ambako kiwanda cha Gujarat sasa kinatengeneza valvu zake kwa bei ya chini. Familia zinachanga, harambee inaitishwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mzee anapandishwa ndege na mtoto mmoja wa kumsindikiza. Nimeshuhudia vikao vya namna hiyo, na mara nyingi watoto wanabishana kuhusu fedha na tarehe huku mzee amekaa kwenye mkeka wa barazani, hajaulizwa. Wengine wakiulizwa husema wanaitaka, na wengine husema fedha hizo zimsomeshe mjukuu. Majibu yote mawili nimeyasikia yakitolewa kwa akili timamu.

Na kabla ya fedha kuna jambo rahisi zaidi ambalo mara nyingi halifanyiki. Mlango uliobana una mlio. Daktari au tabibu akiweka kifaa cha kusikilizia upande wa juu wa kulia wa kidari, anasikia mkwaruzo mzito kila moyo unapobana, na anaweza kuufuata mkwaruzo huo mpaka shingoni. Kifaa hicho kimekuwepo tangu Laennec alipokibuni Paris mwaka 1816, na kipo kwenye zahanati nyingi. Mzee anayefika akilalamika pumzi hupimwa presha, akaandikiwa vidonge, akarudi nyumbani bila mtu kumfungua vifungo vya shati.